Ukurasa wa Kumi na Tisa

Bowie, Maryland
Jumapili, 21 Novemba 2004

Shangazi Flaviana,

Shikamoo. Mama Leokadia alitufundisha kwamba barua huanza na habari za nyumbani, ndipo jambo lenyewe lifuate. Leo nikianza na habari za nyumbani najijua, nitaishia huko huko. Kwa hiyo naanza na kitu ambacho sijamwambia mtu, hata padre kwenye kitubio. Mwezi wa nane nilimwambia Baba "nimemaliza" kazi ambayo sikuwa nimeimaliza, na kwa sababu hiyo mgonjwa nusura afe ndani ya gari letu.

Sasa salamu. Baba na Mama hawajambo. Mama kabadilishiwa zamu kule kwenye nyumba ya wazee anakofanya kazi, siku hizi analala mchana na sisi tunatembea kwa vidole. Mdogo wangu Seba anakusalimu, yaani nilimwambia akusalimie akanijibu kwa Kiingereza bila kuinua macho kwenye mchezo wake. Mimi niko darasa la kumi na moja. Bado siongei darasani. Mwalimu wa historia amewaandikia wazazi kwamba angependa kuisikia sauti yangu kabla ya mwaka kuisha.

Unajua Baba ana magari mawili ya wagonjwa. Si yale yanayokimbilia ajali, hayo ni ya zimamoto. Yetu yanahamisha wagonjwa kutoka hospitali moja kwenda nyingine. Kuendesha ndiyo sehemu rahisi, ngumu ni masharti. Hapa, ndani ya mwendo wa dakika arobaini, kuna serikali tatu: Maryland kwetu, Virginia ng'ambo ya mto, na jiji la Washington katikati. Kila moja ina leseni yake, ukaguzi wake na kibandiko chake cha mlangoni. Wanahesabu mpaka blanketi. Halafu leseni ina madaraja. Yetu ni ya daraja la kawaida: machela, oksijeni, na watu wawili waliosomea huduma ya kwanza. Mgonjwa wa mitambo anahitaji gari la daraja la juu lenye muuguzi ndani.

Masharti ya jimbo letu ni kitabu kinene cha Kiingereza cha sheria. Baba Kiingereza anakijua, ila anasema kile kinamtia usingizi. Kiangazi, leseni ilipokaribia kwisha, alininunulia daftari la kijani. "Dora, wewe umesoma lugha zote mbili. Nitolee yaliyo muhimu kwa Kiswahili niliweke hapa karibu na simu." Shangazi, nilivimba kichwa. Niliandika kwa mwandiko wangu mzuri, upande mmoja tu wa karatasi, kila ukurasa na namba yake juu, kama Mama Leokadia anavyotaka. Gitau, Mkenya anayefanya kazi na Baba, akaliita Injili ya Dora. "Sasa mwalimu," hunitania akija kuchukua funguo, "leo somo limetoka sura ya ngapi? Na mbona Kiswahili chako ni kama cha redio?"

Jumamosi moja nilikuwa nimefika ukurasa wa kumi na tisa. Siku hiyo Abigail wa darasani kwetu alikuwa amenialika kwao kuogelea. Ilikuwa mara ya kwanza mtu wa shule kunialika popote. Sharti lililokuwa mbele yangu lilikuwa na nusu mbili. Nusu ya kwanza inasema gari la daraja letu linaweza kumbeba mgonjwa mwenye dripu ya maji. Nusu ya pili inasema dripu ikiwa na dawa ya moyo inayosukumwa na pampu, haturuhusiwi kabisa, lazima gari la muuguzi. Niliandika "Dripu: ruksa" na kufunga daftari. Nilijiambia iliyobaki nitaandika jioni. Baba akauliza mlangoni, "Umemaliza?" Nikasema, "Nimemaliza." Kule kwa kina Abigail nilikaa ukingoni mwa bwawa nimeloweka miguu, sikuzungumza na mtu mpaka Mama aliponifuata. Jioni nilikuwa nimechoka na aibu. Ile nusu ya pili sikuiandika tena, kesho yake nilianza tu ukurasa wa ishirini.

Mwezi wa kumi Mama Leokadia alienda Springfield, Virginia, kumtembelea mwanawe, moyo ukamsumbua akalazwa huko. Ndiye mwalimu wetu wa Kiswahili, kila Jumamosi kwenye chumba cha chini ya kanisa. Hapigi, hagombi. Ukiruka mstari unaposoma, anagonga meza mara moja kwa kidole, nawe unarudi. Mumewe, Mzee Ezekiel, akaja kwetu na kofia mkononi. Alitaka mkewe ahamishiwe hospitali ya upande wetu, watu wa jumuiya wamtazame. Baba alipofika nchi hii na begi moja alilala sebuleni kwa Mzee Ezekiel miezi saba. Mtu wa namna hiyo humwambii "ngoja nifikirie".

Wakiwa bado mezani, hospitali ya kule ikapiga simu. Mgonjwa ana dripu, je, mnaruhusiwa? Baba akafungua daftari. Mimi nilikuwa namimina chai. Nilikiona kidole chake kikishuka kwenye ukurasa wa kumi na tisa. Ningeweza kusema, "Baba, subiri, haijakamilika." Lakini kumsahihisha baba yangu mbele ya mgeni, na mgeni mwenyewe yule, mdomo uligoma. Nilijiambia labda ni dripu ya maji tu. Chai ikafurika kwenye kisahani. Baba akasema kwenye simu, "Ndiyo, tunaruhusiwa," na Mzee Ezekiel akafuta macho kwa kofia.

Baba aliendesha mwenyewe, Gitau akakaa nyuma na mgonjwa. Kule Springfield Gitau aliiona pampu, akauliza. Jimbo alilosomea lina masharti mengine, kwa hiyo hakuwa na hakika. Baba akampa daftari, akasoma: ruksa. Walipofika kwenye lile daraja la kuvukia mto linalojengwa upya, foleni ilikuwa imesimama kabisa. Pampu ikalia, ikaacha kusukuma. Gitau hajasomea pampu. Alichoweza ni oksijeni na kumshika mkono. Foleni ilichukua dakika thelathini na tano.

Hakufa. Alipata kiharusi. Upande wa kulia hauna nguvu, na hajatamka neno tangu siku hiyo.

Baba aliporudi na kusimulia nilipanda juu na daftari, nikauchana ukurasa ule na kuuficha ndani ya kamusi. Kamusi yenyewe nilipewa na Mama Leokadia.

Usipige simu, Shangazi, simu iko jikoni. Barua pepe yangu alinifungulia Baba na neno la siri analijua. Niandikie tu.

Mwanao,
Dorothea


Muleba, Kagera
19 Desemba 2004

Mwanangu Dora,

Marahaba. Barua yako imefika Ijumaa, nimeisoma kwenye chumba cha kubadilishia nguo pale hospitalini, mlango nimeufunga.

Sisi wazima. Bibi yako amevuna maharage na goti lake anasema ni la mtu mwingine. Senene mwaka huu wameanguka wengi mpaka wodini, wagonjwa wakawa wanashuka vitandani kuwafukuzia, ukiniuliza mimi ni dawa kuliko tulizonazo stoo. Boniface, aliyekuwa dereva wetu wa gari la wagonjwa, ndiye aliyenikamatia debe zima. Nimekaanga, nitawatumia akipatikana msafiri.

Umenieleza mengi. Nami nikueleze kama muuguzi. Dawa ya aina ile ikikatika ghafla, presha hushuka. Lakini mama mwenyewe ni mtu mzima na moyo wake ulikuwa umechoka kabla ya siku hiyo. Hakuna daktari atakayekuapia kwamba bila foleni asingepata kiharusi. Shika hilo.

Pili. Wewe ni mtoto wa miaka kumi na sita. Kazi ya kusoma masharti ya serikali haikuwa yako. Daftari la nyumbani si kitabu cha serikali. Baba yako ni mdogo wangu, namjua. Ametoka mbali kufikia magari mawili, na jambo hili likichimbwa halitaishia kwenye ukurasa mmoja. Kwa hiyo usimwambie mtu. Ukurasa huo uchome. Usiutupe kwenye takataka, uchome, na majivu uyamwage kwenye sinki na maji. Kisha soma vitabu vyako.

Noeli njema. Mwambie Seba Shangazi haelewi Kiingereza cha kutumiwa kwa mtu wa pili, aje aniambie mwenyewe.

Shangazi yako,
Flaviana


Bowie, Maryland
Jumapili, 23 Januari 2005

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako ilifika baada ya Epifania, bahasha imelowa kona moja lakini ndani salama. Theluji imefunga shule siku mbili. Seba amekubali kukuandikia, ameandika mstari mmoja, naambatisha. Mama yuko vizuri ila anauliza mbona siku hizi sishuki kula mpaka niitwe mara tatu. Baba anakusalimu sana. Amekonda.

Ukurasa sijauchoma. Nilifika mpaka kwenye jiko na kiberiti mkononi, Mama akaamka.

Jambo limekua, Shangazi. Hospitali iliyompokea Mama Leokadia iliandika ripoti, kama sheria inavyotaka. Mkaguzi wa ofisi ya leseni ya jimbo alikuja nyumbani Jumatano iliyopita, mama mmoja mpole, kavaa buti za theluji akazivua mlangoni bila kuambiwa. Alikaa pale pale alipokaa Mzee Ezekiel. Swali lake lilikuwa moja: nani alikubali kumpokea mgonjwa wa pampu kwenye gari la daraja la kawaida? Kwa masharti, anayemkubali mgonjwa ni mhudumu wa nyuma. Yaani Gitau.

Gitau alikuwepo, kavaa tai. Akasema taratibu, "Mimi niliuliza. Nikaonyeshwa kitabu cha kampuni. Ilikuwa ukurasa wa kumi na tisa, imeandikwa dripu ruksa. Nilisoma na macho yangu."

Mkaguzi akaomba daftari. Baba akalileta. Wakafungua, wakakuta kumi na nane, kisha ishirini. Nilikuwa kwenye ngazi, naona vichwa vyao kutoka juu. Baba alizitazama zile namba mbili muda mrefu. Anaujua mwandiko wangu na anajua mimi siruki namba. Kisha akasema, "Hapa sioni ukurasa kama huo." Na kweli, Shangazi, haukuwepo. Hakusema uongo hata kidogo, na Gitau akawa mwongo mbele ya watu.

Gitau hakubishana. Alimtazama Baba, akasema, "Sawa mzee," akafungua tai, akaikunja mfukoni. Alipopita chini ya ngazi aliniona. Akasema, "Mwalimu, usikae hapo kwa baridi."

Cheti chake kimesimamishwa mpaka kikao cha mwezi wa nne. Wakikifuta hataingia chuo cha uuguzi, na alikuwa ameshapata nafasi ya mwezi wa tisa. Sasa hivi anaosha magari kwenye barabara ya Annapolis, kwenye baridi hii. Na mimi nikiutoa ukurasa, yeye anapona, lakini Baba ndiye ataulizwa kwa nini kampuni yenye leseni iliendeshwa kwa daftari la mtoto wa shule. Leseni inaweza kwenda. Nimeipima kila upande, hakuna upande ambao hakuna mtu anayeumia.

Baba hajaniuliza. Tangu siku ile hajaniuliza hata habari za shule. Ananisogezea mchuzi mezani kama mgeni.

Nina swali lingine. Umesema Boniface "aliyekuwa" dereva wenu. Nilipokuja likizo nikiwa na miaka tisa alinipakia mbele akaniachia nibonyeze king'ora. Kwa nini aliacha kazi?

Mwanao,
Dorothea


Muleba
20 Februari 2005

Mwanangu Dora,

Marahaba. Barua nimepata. Bibi goti limepungua. Mvua za vuli zilizidi, migomba miwili imeanguka juu ya choo cha jirani na tumesikizana. Mstari wa Seba nimemwomba daktari mgeni anisomee, anauliza kama senene wana macho. Mwambie wanayo, na wanamwona.

Kazi ni nyingi, sitaandika sana. Umeuchoma?

Shangazi,
Flaviana


Bowie, Maryland
Jumapili ya Matawi, 20 Machi 2005

Shangazi,

Shikamoo. Leo tumetoka kanisani na matawi, Seba kamchoma mtu wa mbele yetu sikioni. Mama na Baba wazima. Baridi imeanza kuachia.

Hukunijibu kuhusu Boniface. Sijui kama barua yangu ilichanika hapo kwenye mstari ule au vipi. Nisamehe nikisema hivyo. Kwa mdomo nisingethubutu.

Jana nilikwenda kumwona Mama Leokadia. Yuko kwenye kituo cha mazoezi karibu na Upper Marlboro. Sikuwahi kwenda, kila mara nilisema nina mtihani. Jana Mzee Ezekiel alinipitia mwenyewe, akanifungulia mlango wa gari kama mtu mkubwa, akasema, "Mke wangu anapenda kusomewa. Watoto wengine wanasoma kama wanakimbizwa. Wewe anakupenda."

Amekuwa mdogo, Shangazi. Amesukwa nywele na mtu asiyejua. Aliponiona jicho moja lilicheka, upande mwingine wa uso ukabaki. Mzee akanipa masomo ya Matawi, ile habari ndefu ya mateso, akatoka kwenda kutafuta kahawa. Nikaanza kusoma. Nilisoma kwa sauti ndogo, macho kwenye karatasi tu. Nilipofika pale Petro anapoulizwa kwenye ua, maneno yalicheza, nikaruka mstari. Sikujua kama nimeruka.

Akagonga. Mkono wa kushoto, kidole kimoja, mara moja, kwenye meza ya kitanda.

Nilirudi nikausoma mstari. Kisha nikashindwa kuendelea. Nikamwambia yote, pale pale, kwa Kiswahili chake alichonifundisha: nusu niliyoiacha, bwawa la kina Abigail, chai, ukurasa ulioko ndani ya kamusi yake. Hakuondoa macho. Sijui alielewa kiasi gani. Muuguzi anasema kuna siku anaelewa kila kitu na siku nyingine haelewi. Nilipomaliza nilingoja nione atafanya nini. Nilidhani atalia, au atageukia ukutani. Alitazama karatasi ya masomo iliyokuwa mapajani mwangu, akagonga tena. Yaani niendelee kusoma.

Nimejaribu kuamini kwamba ilikuwa msamaha. Lakini ninamjua yule mama. Yeye akigonga ni kwamba kuna mstari umerukwa.

Njiani kurudi nilimwona Gitau kwenye sehemu ya kuosha magari. Mzee Ezekiel akapunguza mwendo, akapunga mkono. Gitau naye akapunga, na sponji mkononi, maji yakamwingia kwenye mkono wa koti. Mzee akasema, "Kijana mwema yule. Sijui kwa nini alidanganya." Hata hapo, Shangazi, sikusema kitu.

Kikao ni tarehe kumi na nane Aprili, saa tatu asubuhi, Baltimore.

Dorothea


Muleba
Jumapili ya Pasaka, 27 Machi 2005

Mwanangu Dorothea,

Sijapata barua mpya kutoka kwako na sisubiri. Domina, binti wa mwalimu mkuu hapa, anasafiri juma lijalo kuja kwa mumewe aliye ubalozini. Amekubali kuichukua barua hii mkononi pamoja na senene. Mwambie Baba yako senene ndio mzigo.

Kristo amefufuka. Bibi hajambo, amekula mwenyewe. Hizo ndizo habari.

Uliniuliza kwa nini Boniface aliacha kazi nami nikajibu habari za migomba. Hakuacha. Alifukuzwa, mwaka tisini na nane, mwaka uleule baada ya nyinyi kuja likizo.

Tulikuwa tunampeleka kijana wa mapafu Mwanza. Kabla ya gari kuondoka, muuguzi anafungua mtungi wa oksijeni, anasoma mshale wa kipimo, anatia sahihi kwenye fomu. Muuguzi nilikuwa mimi. Fundi cherehani alikuwa na nguo yangu ya harusi ya binamu yako Tobias na alikuwa anafunga saa kumi. Nilitia sahihi bila kusoma mshale. Mtungi uliisha kabla hatujafika kivuko cha Busisi, na kivuko kilikuwa ng'ambo. Tulikiangalia kikija. Kijana alikufa kikiwa katikati ya maji.

Kujaza mtungi ni kazi ya dereva. Boniface alisema alijaza nusu kwa sababu ndiyo iliyokuwepo, na kwamba sista alikagua na kusaini. Wakaitafuta fomu. Haikupatikana. Niliitoa kwenye faili usiku wa msiba, nikaichoma. Majivu niliyamwaga kwenye sinki, na maji.

Sasa unajua ushauri wangu ulitoka wapi. Nilikupa wa kwangu ulivyo, hata sinki sikuibadilisha.

Tangu hapo Boniface anatengeneza baiskeli mbele ya geti la hospitali. Namsalimia asubuhi, namsalimia jioni. Miaka saba, Dora. Nimenunua kwake kila kitu anachouza, hata senene wakati wananiangukia mwenyewe uani.

Leo baada ya misa nilikwenda nikasimama mbele yake nikamwambia. Alikuwa ananyoosha tairi, analizungusha, anatazama linapoyumba. Hakuacha kulizungusha. Aliniuliza kitu kimoja tu: "Ile fomu bado ipo?" Nikasema niliichoma. Akasema, "Basi, sista, nipe hiyo spana hapo."

Nikampa spana. Nilisimama kidogo kisha nikaenda nyumbani. Kesho naweza kwenda kwa mganga mkuu nikaeleza, na nitaeleza, lakini sina cha kuonyesha ila mdomo wangu, na mdomo wangu una miaka saba ya kunyamaza.

Wewe bado una karatasi. Sikuambii ufanye nini, mara ya kwanza nilikuambia na ona. Nakuomba tu, kama bado hujaichoma, usiichome.

Baba yako hatakuchukia. Anakuficha wewe, ndiyo maana hakutazami. Mimi ndiye niliyemlea, nami hivyo ndivyo nilivyomfundisha kumpenda mtu.

Shangazi yako,
Flaviana


Bowie, Maryland
Jumapili, 17 Aprili 2005

Shangazi,

Shikamoo. Domina alifika salama, senene wamefika, Seba kala mmoja akiwa amefumba macho kisha akamaliza kopo. Baba alikula taratibu, akasema unaweka chumvi kama Bibi. Mama amerudi zamu ya mchana, nyumba ina kelele tena.

Barua yako ninayo siku ya nane leo. Ningependa kukuambia kwamba nilipoisoma niliinuka pale pale. Sikuinuka. Siku ya kwanza nilikukasirikia. Siku ya pili nilifikiria tu yule kijana akiangalia kivuko. Siku nyingine zote nilikuwa nasema kesho. Kesho sasa ni kikao.

Jana niliteremka basi kwenye barabara ya Annapolis, nikaenda mpaka pale wanapoosha magari. Nilikuwa nimejiandaa maneno. Gitau akafuta mikono kwenye suruali. "Mwalimu. Umekuja bila gari, sasa nioshe nini?" Nikacheka na machozi yakatoka pamoja. Nikamwambia ninao. Hakuuliza nini. Alikaa juu ya ndoo aliyoigeuza, akatazama barabara.

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile."

"Na mzee anajua?"

"Nadhani anajua. Hatujaongea."

Alilitazama gari moja mpaka likatoka. "Unajua mimi nilianza kufikiri sikuona?" akasema. "Nalala najiuliza, Gitau, labda ulitaka tu kuona ruksa. Nilikuwa nimeanza kukubali." Kisha akasema, "Mimi siwezi kukuambia lete. Ni baba yako. Enda nyumbani, mvua inakuja." Hakuniita mwalimu tena.

Leo baada ya misa nimepanda chumbani, nimeutoa ukurasa kwenye kamusi. Umeacha alama ya njano pale ulipolala. Uko hapa mezani, karibu na hii barua. Mwandiko mzuri kweli. "Dripu: ruksa", na chini yake mistari sita mitupu. Nilishika kalamu niandike ile nusu iliyobaki. Naijua kwa moyo sasa, kwa lugha zote mbili. Nikaiweka kalamu chini. Uende ulivyo, na mistari yake mitupu.

Mama ameniita chini kula, nimesema nakuja. Baba yuko sebuleni, anapiga pasi suti ya kesho. Nimesikia pasi ikiwekwa. Sasa nasikia ngazi. Ni yeye, anakanyaga ya tatu pembeni kwa sababu inalia katikati. Anapanda polepole kuliko kawaida. Labda anafuata tai yake, kabati lao liko mbele ya chumba changu.

Amepita kabati.

Shangazi, mkono wangu umekwenda wenyewe ukavuta kamusi juu ya ukurasa. Umezoea. Nimeirudisha kamusi ilikokuwa. Ukurasa uko wazi, namba kumi na tisa juu, unasomeka hata kutoka mlangoni.

Amesimama nje. Hajabisha, na mimi sijafunga.